Neno la Tatu kwenye Kopo

Baba amelirudisha kopo kwa posta,
limeviringishwa gazetini kama samaki wa moshi,
na kikaratasi: *Skaistė, umesahau?
Mwezi wa tatu natimiza miaka saba.*
Kwa kalamu ya seremala amepigia mstari
neno la tatu katika orodha ya viambato:
alkoholi.

Miaka saba bila tone.
Keki ya Krismasi huinusa kwanza, kama mbwa wa forodha.
Dawa ya kikohozi humuuliza mfamasia mara mbili,
kofia mkononi.

Na mikono yenyewe, jamani.
Miaka ishirini na sita pale bandarini Klaipėda
akitumbua heringi juu ya barafu,
chumvi ikiingia kila ufa
na kukaa humo kama mpangaji asiyelipa kodi.
Akikunja ngumi, damu huchungulia.

Baba, ningekuleta hapa Kaunas, kwenye meza yangu,
nikutilie kiganjani hizi punje nyeupe.
Zinuse. Ni makombo ya mshumaa, si baa.
Ile unayoijua ni fupi, kaboni mbili tu,
haijui kutulia: ikigusa ngozi inaruka,
na unyevu wa mwenyeji inaondoka nao,
mgeni wa kukubebea hadi mto wa kulalia.
Hii ina mkia wa kaboni kumi na sita,
dada yake kumi na nane,
mkia mrefu mzito unaopenda mafuta
na kichwa kidogo chenye kiu ya maji.
Ukoo ni mmoja, sikufichi.
Vichwa vimefanana kama shilingi kwa ya pili.
Tofauti iko mkiani.

Mafuta na maji hawalali chumba kimoja.
Nawatumia mshenga, naye anafanya kazi yake;
lakini ndoa haisimami kwa mshenga peke yake.
Hii ndiyo inayobaki nyumbani
ikishikilia nguzo.
Nyuzi sabini na tano: imeyeyuka, wazi kama chozi.
Namimina, nakoroga. Maziwa mepesi.
Nyuzi hamsini: uji wa mgonjwa.
Nakoroga.
Arobaini na mbili, na kijiko kinaanza kusita,
kana kwamba ndani kuna mtu amekishika.
Zamani waliichota kichwani mwa nyangumi.
Mimi naipokea kwa gunia, ya mawese,
kutoka nchi ambazo sijazikanyaga.

Haya yote niliyaandika. Mara tatu. Nikachana.

Maana kwake neno hili halina mkia.
Ni kabati la vioo lililoanguka usiku wa Jumapili.
Ni Mama kwa jirani Genovaitė, ndala juu ya theluji,
na mimi mgongoni mwake, nimeshika redio
kwa sababu ndicho kitu nilichokuta karibu.
Nani mimi nimwambie ni jina tu?

Jumamosi nimepanda treni.
Jikoni kwake maji yalikuwa yanachemka,
hatukusalimiana sana.
Nikamwambia, nawa. Akanawa.
Nikamwambia, usijifute, ngozi huvutwa ingali maji.
Nikafungua kopo, nikajipaka kwanza mimi,
vidole vyote, hadi kwenye vifundo,
kisha nikamwekea kiganja puani.

Akanusa.
Akanusa tena, macho yamefumba,
muda mrefu kuliko keki, kuliko dawa.
Birika likapiga mluzi, hakuna aliyelizima.

"Mafuta ya taa hayanuki hivi," akasema,
kama vile kuna mtu aliyetaja mafuta ya taa.

Akanipa mkono wa kushoto.
Nikaupaka taratibu, ufa kwa ufa,
yeye akitazama dirishani, barafu ikidondoka paani.
Wa kulia aliuficha mfukoni,
ukiwa bado umelowa.